Majaji wa Barafu na Posa ya Ngalula

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu ikinipata mahali popote, hata leo, nyayo zangu huanza kunisisimka. Nilikulia Musonoi, kando ya Kolwezi, katika nyumba zilizojengwa na mgodi kwa ajili ya wafanyakazi wake enzi za babu zetu, wale waliotolewa Kasai kwa treni kuja kuchimba shaba. Nyumba zile zilikuwa ndogo, lakini zilikuwa na sakafu ya saruji, na mama wa Kikasai aliyeacha sakafu yake ifubae alisemwa kuanzia kisimani hadi kanisani. Kila Jumamosi nta ilipakwa, na kazi ya kuing'arisha ilikuwa yetu sisi watoto. Tulikunja matambara, tukayaweka chini ya nyayo, tukashikana mikono wawili wawili, kisha tukateleza kutoka ukuta huu hadi ule mpaka saruji ikaanza kuonyesha sura zetu. Tulikwenda wawili wawili kwa sababu aliyeteleza peke yake alijipigiza kisogo, na aliyejipigiza kisogo alipigwa tena na mama yake kwa kuchafua sakafu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mchezo wa kuteleza kwa jozi ulizaliwa kwenye nchi za baridi. Sisi tuliucheza kabla ya kuuona, na tuliucheza huku tukinuka nta.

Tuliuona kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi kwa lugha ya kwetu. Alikuwa muuza vitambaa, na sebule yake ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote za mtaa, kwa maana alivunja kuta mbili ili apate duka na mahali pa kupokea wageni. Pembeni, juu ya kabati lenye vitenge, ilikaa televisheni, na juu ya paa likakaa sahani la kunasia mawimbi ambalo upepo ulilipindua mara kwa mara, kijana akapanda kulirudisha huku watu wa ndani wakimpigia kelele, "Rudisha! Hapana, kidogo tu! Uliharibu tena!" Kiingilio kwa watoto kilikuwa kung'arisha sakafu. Wakubwa walileta karanga za kukaanga, au uyoga, kwa kuwa ulikuwa msimu wake. Wachimbaji vijana waliotoka mashimoni wakiwa wekundu kwa udongo kuanzia kope hadi vidole vya miguu walikuja na magunia yao ya kukalia, wasije wakaharibu nta, na Mama Mukendi aliwasifu kwa adabu hiyo kuliko alivyowasifu wanawe.

Mvua ilinyesha kila alasiri msimu ule. Baruti za mgodi zikishalia na vumbi likishatulizwa na mvua, hakukuwa na jambo la kufanya nje, na stesheni moja ya Kifaransa ilikuwa ikionyesha michezo ya theluji mfululizo. Mwanzoni tulicheka tu. Tuliwaona watu wakijitupa mlimani na mbao miguuni, wengine wakifagia barafu mbele ya jiwe, na Mama Mukendi akauliza hao nao walikuwa wanaadhibiwa kwa kosa gani. Kisha siku moja wakatokea mwanamume na mwanamke walioshikana mikono, muziki ukaanza, na sebule nzima ikanyamaza. Mwanamume alimwinua mwenziwe juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, akakimbia naye, akamzungusha, akamshusha bila kishindo. Alimtupa hewani, naye akazunguka kama pia, akatua kwa mguu mmoja kwenye ule wembe wa kiatu, akaendelea kama mtu anayekwenda sokoni. Niliona raha ambayo sikuwa na jina lake. Jumamosi iliyofuata hapakuwa na mtoto aliyeteleza kwa kazi tu. Kila mmoja alikuwa na mwenziwe, na kila jozi ilikuwa na mtindo wake.

Na kama ilivyo desturi yetu, hatukuweza kutazama kitu bila kugawanyika. Penye wengi pana mengi. Majina ya wachezaji wale yalitushinda kutamka, hivyo tukawaita kwa nguo zao. Kulikuwa na jozi nyingi, lakini mbili zilizipita nyingine, wale wa Bluu na wale wa Njano. Wa Bluu walikuwa safi. Hawakukosea hatua, na hata nywele zao hazikukosea. Wa Njano walikuwa na mambo makubwa, miruko ambayo mtangazaji alianza kuipigia kelele kabla haijarukwa. Mtaa ukakatika katikati. Wanakwaya karibu wote walikuwa wa Bluu. Wachimbaji wote, bila kubaki hata mmoja, walikuwa wa Njano. Na mbele, kwenye viti viwili vya mikono vilivyowekwa bega kwa bega, walikaa viongozi wa pande hizo, baba yangu na Tata Mukendi mwenyewe.

Baba alikuwa mwendesha kreni mgodini. Kazi yake yote ilikuwa kuinua vitu vizito na kuvishusha mahali pake bila kumuua mtu, na aliifanya miaka mingi bila kuangusha hata boriti. Kwake, dunia ilikuwa na vitu vya aina mbili, vilivyoanguka na visivyoanguka. "Kulenga si kufuma," alipenda kusema, na akisema hivyo alinyoosha kidole juu kana kwamba ndoano ya kreni inaning'inia hapo darini. Tata Mukendi alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliwahi kupoteza bidhaa zake zote kwenye treni ya Mutshatsha, akaanza upya na furushi moja la vitenge kichwani. Akaungua moto sokoni, akaanza upya tena. Yeye jibu lake lilikuwa "Kuteleza si kuanguka," na alilisema huku akicheka na tumbo lake kubwa likicheka pamoja naye. Walikuwa marafiki tangu ujana. Walitaniana kutwa kucha. Baba alimwita Mukendi mwizi wa kiganja, akidai kwamba anauza kitambaa kwa mita lakini anakata kwa kiganja, na Mukendi alimjibu kwamba heri kitambaa kifupi kuliko mtu mfupi. Baba yangu, nikiri, hakuwa mrefu. Utani huo niliusikia mara nyingi kiasi kwamba nilidhani ndiyo salamu yao.

Lakini katika msimu uleule, kati ya mvua na barafu, jambo jingine lilianza. Dada yangu Ngalula na Kabeya, mtoto wa Tata Mukendi, fundi wa pikipiki mwenye aibu ya kupita kiasi, walikuwa wamekubaliana, na familia ya Mukendi ikaja kugonga mlango kama ilivyo desturi. Walileta vinywaji, tukavipokea, maana yake mlango umefunguliwa na mazungumzo ya mahari yanaweza kuanza. Ngalula alikuwa na miaka ishirini na kitu, alishonea watu nguo barazani kwetu, na tangu siku ile cherehani yake iliimba hata ilipokuwa haina uzi. Sasa, kwetu sisi watu wa Kasai, vinywaji vikishapokelewa, baba wa mvulana na baba wa msichana si marafiki tena, ni wakwe. Hawagombani, hawataniani, na juu ya jambo la posa hawasemezani uso kwa uso. Maneno hupita kwa msemaji. Wetu alikuwa mjomba wangu, lakini mvua zilimkwamisha njiani, hivyo pande zote mbili zikakubali kumtumia mtu mmoja, Tata Tshibangu, mwalimu wa kwaya, mwenye sauti nene na subira ya punda. Alipokuwa akisema kwa niaba ya akina Mukendi alikaa kiti cha kushoto. Alipotujibia sisi alihamia cha kulia, akakohoa kidogo, akabadilisha hata sauti.

Siku ya fainali ya jozi watu walijaa hadi madirishani, na mvua ikawanyeshea mgongoni wasijali. Wa Bluu walicheza kwanza. Sijui niseme nini juu yao zaidi ya kwamba hawakuacha ufa wowote wa kuingizia lawama. Baba alitulia kitini mwake kama mtu aliyekwisha kushusha mzigo. Kisha wakaja wa Njano. Walifanya mambo ambayo hatukuwahi kuyaona, wakayafanya mengine juu ya hayo, wachimbaji wakawa wamesimama juu ya magunia yao. Katikati ya muziki mwanamume akamrusha mwenziwe mbali kuliko siku zote, naye akazunguka, akazunguka, akatua, na mguu ukakimbia. Alikaa kwenye barafu. Sebule nzima ilitoa pumzi kwa pamoja. Lakini akainuka, wakashikana, wakamaliza, na sehemu iliyobaki waliicheza kwa ukali wa mtu aliyechokozwa. Majaji wakainama kwenye meza yao ndefu. Tulipoziona alama, wa Njano walikuwa juu. Kidogo tu, lakini juu.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabara ya lami. Kila mtu akawa mtaalamu. Mama mmoja wa kwaya alisema jaji wa pembeni, yule mwenye miwani, lazima ni shemeji ya yule mwanamume, maana alimtazama kishemeji. Mwingine akasema hapana, ni baridi, mtu aliyeganda hawezi kuhesabu. Mchimbaji mmoja akajibu kwamba wao huanguka shimoni kila siku na hakuna aliyewahi kuwanyima haki ya mawe yao kwa sababu hiyo. Baba alisubiri wanyamaze.

"Mi nasema vile," alisema. "Kitu kikianguka, kinaanguka. Kama mi naangusha chuma kule kazi, mukubwa wa kazi atanipongeza sababu nilikuwa nainyanyua muzuri?"

"Ule mwanamuke alijaribu kitu ya nguvu," Tata Mukendi akajibu. "Bale ba bluu balifanya ya batoto. Mutu anabeba mufuko ya mawe, anajikwaa, anasimama. Mwingine anabeba sahani, hajikwae. Nani eko na nguvu?"

"Hatukuuliza nani eko na nguvu. Tuliuliza nani alianguka."

"Na mi nauliza nani alisimama."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na baba akawa anashindwa. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Ulimi hauna mfupa. Alitafuta silaha ya karibu, akaokota ileile aliyoitumia miaka yote.

"Aba bajuge banapima sawa vile Mukendi anapimaka kitambaa," alisema, akiwanyooshea kidole majaji kwenye televisheni.

Utani ule ulikuwa mzee kuliko mimi, na mwezi mmoja kabla Tata Mukendi angeuchekea hadi machozi. Lakini mwezi mmoja kabla alikuwa rafiki. Sasa alikuwa mkwe, ndani ya nyumba yake, mbele ya wateja wake, na baba wa binti anayeposwa amemwita mwizi. Kicheko kilikatika. Nilimwona mama akijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Tata Mukendi aliinuka taratibu, akazima televisheni, akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho atatuma mtu kuja kuchukua vinywaji vyake. Kwetu hilo ndilo neno la mwisho. Vinywaji vikirudi, posa imekufa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tulirudi nyumbani tukikanyaga matope. Ngalula aliingia chumbani tulimolala sote wawili, akajilaza kifudifudi. Nilipomgusa bega aliniambia niache, kisha akanishika mkono asiuachie. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilimchukia yule mwanamke wa njano kwa moyo wangu wote. Niliona yeye ndiye aliyemwangusha dada yangu. Upande wa pili wa ukuta mama alikuwa na tatizo lake. Vinywaji haviwezi kurudishwa, alimwambia baba, kwa sababu wajomba na majirani walishavinywa. Yalibaki makreti yenye chupa tupu. Baba akauliza ni nani aliyewaruhusu. Mama akamwambia, "Wewe mwenyewe njo ulifungua ya kwanza." Nina hakika, ingawa hali ilikuwa mbaya, kwamba nilimsikia Ngalula akicheka ndani ya mto.

Chupa zile tupu ndizo zilizotuokoa, kwa maana Tata Tshibangu alipokuja asubuhi kuchukua vinywaji na kuambiwa hali halisi, alikaa chini akafikiri. Kama haviwezi kurudi, alisema, basi posa bado haijafa, inaumwa tu. Akaanza kwenda na kurudi. Siku zile tulimwona akipita mtaani kwa miguu, suruali ameikunja hadi magotini, kutoka kwetu kwenda kwa Mukendi na kutoka kwa Mukendi kuja kwetu, na watoto tukimfuata nyuma tupate kusikia. Baba alikuwa tayari kutoa mbuzi. Alikuwa tayari kusema mbele ya watu walewale kwamba kitambaa cha Mukendi ni kamili na kwamba yeye mwenyewe amevaa suruali ya kitambaa hicho. Hilo lilikuwa la ukwe, na kosa alilikubali. Lakini Mukendi alitaka pia akubali kwamba majaji walipima sawa, kwa sababu maneno yale mawili yalitoka katika kinywa kimoja na pumzi moja. Hapo baba akakauka. Alisema angetoa mbuzi wawili kuliko kusema kwamba kilichoanguka hakikuanguka. Wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi ilikuwa barazani, ikishona na kufumua upindo uleule.

Ujumbe uliobebwa na Tata Tshibangu ulizidi kuwa wa ajabu. Sebuleni kwetu alisimama, akakohoa, akasema kwa heshima zote za msemaji wa posa, "Mukwe wako anakusalimia sana. Anauliza kama umesahau kwamba bale ba bluu hawakuruka ule muruko ya tatu." Naye baba, akitazama ukuta kama desturi inavyotaka, alijibu, "Umuambie mukwe wangu, kwa heshima, muruko yenye inaisha na makalio haiko muruko." Tata Tshibangu akalibeba hilo na kulipeleka. Mpaka leo sijui aliupitishaje uso wake bila kucheka.

Mwisho akasema amechoka, na akaitisha pande zote sebuleni kwa Mukendi Jumapili baada ya ibada. Alikuwa ametangaza kwamba fainali itarudiwa kwenye televisheni alasiri ile na kila mtu ataona ukweli kwa macho yake. Tukaja sote. Sakafu tuliing'arisha wenyewe Jumamosi yake, na sikuwahi kusugua kwa nguvu vile. Mbuzi alifungwa mlangoni. Vinywaji vipya vilipangwa mezani, safari hii vimeletwa na baba. Tata Tshibangu akabonyeza televisheni, na kabla haijapata picha umeme ukakatika. Watu waliguna, kisha hapakuwa na la kutazama ila nyuso za wakwe wawili waliotazama kila mmoja upande wake.

Baba alisimama akasema ya kitambaa, vizuri na kwa sauti, akashika hata pindo la suruali yake kuwaonyesha watu. Tata Mukendi, kupitia Tata Tshibangu, alishukuru, mbuzi akapokelewa. Lakini ya barafu yakabaki. Tata Tshibangu aliona heri ajaribu kuvuka hivyohivyo. Kwetu kinywaji cha posa hakinywewi mpaka msichana mwenyewe aulizwe kama anakubali kinywewe. Akamgeukia Ngalula, aliyekuwa amekaa mkekani kati ya mama na shangazi, macho chini, na kumwuliza: "Mwanetu, tukunywe?"

Wasichana hujibu ndiyo kwa kutikisa kichwa. Ngalula aliinua uso.

"Batata, mbele ya kusema ndiyo, niko na ulizo moja," alisema. "Ule mwanamuke wa njano, nani alimutupa?"

Aliwazungushia macho wote, kisha akajijibu mwenyewe.

"Bwana yake njo alimutupa. Na tangu siku ile munasema tu mwanamuke alianguka, mwanamuke alisimama. Hakuna mutu anasema bwana alifanya nini. Mi nilimuangalia bwana. Alipunguza mwendo mupaka bibi akamufikia, bakaanza tena pamoja. Mi sijue points. Lakini kama siku moja naanguka mu nyumba ya benyewe, nataka kujua Kabeya atangoja, ao atamaliza muchezo peke yake."

Ningependa kuandika kwamba watu waliinamisha vichwa kwa hekima yake. Haikuwa hivyo. Mchimbaji mmoja kwenye gunia lake alisema, "Lakini hakungoja, ule bwana. Alipita." Mwanakwaya mmoja akamjibu kwamba alingoja, kila mwenye macho aliona. Mama Mukendi akasema alingoja lakini kwa hasira. Ndani ya kitambo kidogo sebule ikawa soko, Bluu na Njano wamechanganyika, mtaa umekatika upya mahali pengine kabisa.

"Alingoja," baba alipaza sauti. "Mabega yake iligeuka. Mukendi, haukuona mabega?"

"Niliona mabega. Mabega iligeuka sababu ya kona, haikugeuka sababu ya bibi."

"Kona gani? Kule hakukuwa kona."

"We ulikuwa unaangalia bajuge, utaona kona wapi?"

Walikuwa wamegeuziana viti. Walikuwa wanasemezana uso kwa uso, mkwe na mkwe, vidole vikiwa angani, mmoja akichora barafu kwenye goti la mwenziwe, na hakuna kati yao aliyetambua. Tata Tshibangu aliwatazama, akatazama kiti cha kushoto na cha kulia, kisha akakaa benchi la watoto, karibu yangu, akapanguza jasho. "Acha bamalize," alininong'oneza.

Walipomaliza, au tuseme walipoishiwa pumzi, Ngalula alikuwa bado anangoja. Mukendi akakumbuka, akamwita mwanawe asimame. Kabeya alisimama, mkubwa, mafuta ya pikipiki yasiyotoka kuchani, masikio yamewaka. Alimtazama Ngalula na si mwingine.

"Nitangoja," alisema, akakaa.

"Basi, banywe," alisema dada yangu.

Wachumba hao walifunga ndoa kiangazi kilichofuata, na kuhusu majaji hakuna aliyekubali kitu. Baba na Mukendi walijitungia sheria yao, kwamba ukwe una heshima zake, lakini barafu haina ukwe. Kila michezo ile iliporudi baada ya miaka yake, viti viwili viliwekwa bega kwa bega, na walibishana kwa amani hadi uzeeni, mmoja akitetea visivyoanguka na mwingine vilivyoinuka.

Leo mimi ni mwalimu hapa Kolwezi. Natoa alama kila wiki, na wazazi huja kunishtaki kwamba sina macho, kwa hiyo nawaonea huruma majaji wa nchi zote. Ngalula na Kabeya wanaishi Tenke, wana watoto wanne na gereji. Michezo naiangalia kwenye simu, na chini ya picha nasoma ugomvi wa watu wa dunia nzima. Wanaita majaji wezi, wanaitana wao kwa wao majina mabaya zaidi, kisha wanazima simu na kulala. Hakuna anayemjua mwenziwe. Hakuna mbuzi anayetolewa, wala mtu anayelazimika kesho kuketi na yule aliyemtukana, waozeshane wana, azike naye wafu. Wana picha safi kuliko ile ya Tata Mukendi, wanaweza kurudia anguko mara mia, na bado nadhani sisi tulifaidi zaidi, sisi ambao umeme ulitukatikia.

Baba alifariki mwaka juzi, mwanzoni mwa mvua. Michezo ya theluji iliporudi niliona nisimwache Tata Mukendi peke yake, nikaenda na simu yangu, nikaiegemeza kwenye kikombe mbele yake. Amezeeka, tumbo lile limekwisha, lakini macho bado yanaona. Nilikaa kando yake. Ilikuja jozi moja shupavu, wenye miruko ya kutisha, watu wake kabisa, na mwanamke akaanguka, akainuka, akamaliza vizuri ajabu. Nikamgeukia nikitabasamu, nikisubiri lile neno lake. Alinyoosha kidole juu, kuelekea darini.

"Kitu kikianguka, kinaanguka," alisema. "Basipewe kitu."

"Tata, wewe siku zote uko upande wa wanaoanguka," nilimwambia.

Hakuniangalia. Aliendelea kutazama kioo kile kidogo.

"Na mi nikisema yangu," alisema, "ya baba yako atasema nani?"

Nilisogeza kiti changu kikawa bega kwa bega na chake. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kubishana peke yake, nikaanza kumtetea yule mwanamke aliyeanguka, nikatoa hoja zote za Tata Mukendi nilizozikumbuka, moja baada ya nyingine, na yeye akanijibu zote kwa maneno ya baba yangu mpaka akanishinda.